Roboti Yenye Heshima Kupita Kiasi

Mama mkwe alitangaza safari yake asubuhi, katikati ya chai, kwa sauti ile ile ambayo mtu huombea sukari.

"Jumamosi nakwenda kwa mdogo wangu," alisema. "Nitakaa huko."

Mkwe wake, ambaye watu wote walimwita Taratibu, hata mkewe akiwa na hasira, aliweka kikombe chini. Mkewe alikuwa na mkate mdomoni, na ule mkate ukagoma kushuka.

"Utakaa huko mpaka lini, mama?" mkewe aliuliza alipopata nafasi.

"Nitakaa tu."

"Kuna kitu tumekukosea?"

"Wewe mtoto! Mnikosee nini? Nakula, nalala, naoga maji ya moto. Mnanilea kama yai." Akacheka kidogo, kicheko cha kufunga mazungumzo, akanyanyuka kukusanya vikombe.

Taratibu alikuwa ameshasimama. Alivipokea vikombe vyote, kimoja kimoja, kwa adabu zake zote, akisema, "Hapana, mama, wewe pumzika." Mama mkwe akabaki amesimama na mikono mitupu. Kisha akaketi tena, akatazama nje ya dirisha, ambako hakukuwa na cha kutazama ila ukuta wa jirani.

Nyinyi mnaosoma mmeshaona. Yeye hakuona kitu, akaenda kuosha vikombe.

Ukweli ni kwamba Taratibu alimpenda mama huyu. Nasema alimpenda, sisemi alimvumilia, maana najua watu wanavyokunja pua wakisikia habari za wakwe. Yeye alilelewa na bibi yake, na bibi alifariki kabla kijana hajaota ndevu. Tangu hapo "mama" lilikuwa neno la kuwaitia mama wa watu wengine. Mama mkwe alipofiwa na mumewe na kuja kukaa nao, Taratibu alirudi kutoka kazini siku ya kwanza akakuta mlangoni kuna mtu wa kumwamkia. Alimwamkia, akaitikiwa, akaingia chumbani na kukaa kitandani kwa muda, amevaa viatu, anatabasamu peke yake. Akaapa kwamba mama huyu hatashika ufagio, hatainua ndoo, hatakunja hata shuka. Bibi alimfundisha hivyo: ukimwona mkubwa ana mzigo, unampokea. Humwulizi kama ni mzito. Unampokea kwanza, salamu baadaye.

Sasa mama anaondoka. Na kwa kuwa hasemi sababu, Taratibu aliijua sababu: ni yeye. Kuna kosa amefanya. Pengine anakoroma. Pengine kuna siku alipitisha neno bila kujua. Alikwenda kazini akijipekua moyoni kama mtu aliyepoteza funguo, na hofu yake ilikuwa kubwa kuliko ya funguo, kwa sababu alitaka mama abaki na hakujua pa kushika.

Kazi yake nayo ilikuwa ya siri, ingawa haikuwa ya kuonea haya. Zamani aliendesha foklifti kwenye ghala. Alikuwa na uwezo wa kupandisha trei za mayai mpaka rafu ya juu kabisa bila yai hata moja kujua kwamba limesafiri, na hapo ndipo jina lilipotoka. Ghala lilipohamishwa, mtafiti mmoja wa chuo, dada mwembamba mwenye mwendo wa haraka, anayeitwa Daktari ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano, alimtafuta akampa kazi ya kuwa roboti.

Ndiyo, mmesikia vizuri. Daktari alitaka kujua watu wanafanyaje kazi bega kwa bega na roboti: wanaisogelea au wanaikwepa, wanaiamini au wanaikagua, wanaisemesha au wananyamaza. Lakini kutengeneza roboti ya kweli kwa ajili ya kujaribia tu ni kazi kubwa, na ikikosea kidogo inaweza kumvunja mtu vidole. Kwa hiyo alitumia uhalisia pepe. Mshiriki anavaa miwani mikubwa inayoziba macho yote, na papo hapo anajiona yuko ndani ya karakana ambayo haipo: meza, mkanda unaoleta bidhaa, rafu, na roboti imesimama ng'ambo ya meza, mikono miwili ya chuma na taa moja mahali pa kichwa. Mshiriki anaamini roboti inajiendesha yenyewe. Kumbe nyuma ya ukuta, katika chumba kidogo chenye feni inayolalamika, amesimama Taratibu, naye amevaa miwani yake na glavu zenye nyaya, na kila anavyosogeza mikono yake ndivyo roboti inavyosogeza ya kwake. Wanafunzi wa Daktari walijaribu kazi hiyo kabla yake, na roboti yao ilirukaruka utadhani imeingiwa na siafu. Ya Taratibu ilitulia, na watu wakaipenda.

Roboti haikuwa na sauti. Taratibu alisikia yote yaliyosemwa, yeye hakusikika. Na zoezi likiisha, Daktari alikuwa na sharti ambalo halivunjiki: mshiriki aambiwe ukweli siku hiyo hiyo, kwamba nyuma ya roboti kulikuwa na mtu, na akitaka yaliyorekodiwa yafutwe, yanafutwa mbele ya macho yake. Wengi walicheka. Bwana mmoja aliyekuwa ameitukana roboti tangu mwanzo mpaka mwisho aliomba radhi ukutani, maana hakujua aelekee wapi.

Siku hiyo zoezi lilikuwa la kufunga sabuni kwenye makatoni, na washiriki walikuwa wastaafu wa kiwanda cha sabuni. Taratibu alikuwa anavaa glavu huku akitazama skrini ndogo inayoonyesha chumba cha washiriki. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mkwe.

Alijua kwamba mama amefanya kazi kiwandani pale tangu usichana wake. Ila wastaafu wa kiwanda kile ni wengi, na mama alikuwa ameaga nyumbani kwamba anakwenda kumwona shoga yake wa zamani. Kumbe shoga ndiye aliyemwambia habari za zoezi. Amevaa gauni lake zuri na mtandio wa kutokea, anamtazama Daktari akimwelekeza, anaitikia kwa kichwa kama msichana siku ya kwanza ya kazi.

Pembeni ya Taratibu kulikuwa na kitufe cha kumwita Daktari. Alikitazama. Alijua kabisa kwamba ndugu haruhusiwi. Lakini alijua pia kwamba watu wakiwa mbele ya roboti hufungua mdomo, na Jumamosi ilikuwa inakaribia. Akavaa miwani. Anayetaka kumhukumu na amhukumu, mimi nasema tu alichofanya.

Ndani ya karakana ile mama hakuwa na sura. Alikuwa mikono miwili myeupe na kichwa kisicho na macho wala pua. Lakini sauti ilikuwa yake.

"Haya bwana," aliiambia roboti. "Unaitwa nani? Husemi? Basi mimi nitakuita Bwana Mabati, na usinune."

Sabuni zikaanza kuja. Mikono ya mama ikaingia kazini, na Taratibu akashangaa. Hakuwahi kuiona ikifanya kazi. Nyumbani ilikuwa mikono ya kulala mapajani. Hapa ilikwenda na kurudi, ikachota sabuni nne kwa mpigo, ikazisimamisha ndani ya katoni bila kutazama. Katoni likajaa. Mama akalikumbatia alipeleke rafuni.

Roboti ikampokea.

Na katoni lenyewe lilikuwa hewa tupu! Ndani ya uhalisia pepe hakuna kizito. Mtoto mchanga anaweza kubeba ghorofa. Lakini Taratibu aliona mkubwa ana mzigo, na mikono ikanyooka yenyewe. Katoni la pili alilipokea kabla halijajaa. La tatu alizipokea sabuni zenyewe na kuzipanga yeye. Mama akapeleka mkono kwenye selotepu, akakuta roboti imeshaichukua na kufunga. Mwishowe ile mikono myeupe ikaning'inia hewani, haina la kufanya.

"He!" mama alisema. "Na wewe pia?"

Akacheka, kisha kicheko kikakatika.

"Ngoja nikwambie kitu, Bwana Mabati, kwa vile huna mdomo wa kupeleka maneno. Mimi nina mkwe. Mkwe mwema, wa kutafutwa kwa tochi. Ananiamkia ameinama utadhani nimevaa taji. Lakini nikishika kijiko, ananipokea. Nikishika ufagio, ananipokea. Juzi nilifua leso yangu mwenyewe, leso ya kufutia pua, akanipokea nikiwa naikamua. Mimi nimefanya kazi tangu nina meno ya utoto. Sasa nawekwa kwenye kiti natazama ukuta wa jirani, una ufa, na ule ufa tumeshazoeana, umebaki kunisalimia. Ndani ya nyumba asiyeshika kitu ni nani? Si mgeni? Basi mimi ni mgeni, miezi yote hii. Naondoka kabla hawajanichoka."

Roboti ilikuwa imesimama, katoni mkononi.

"Utasema kwa nini sijamwambia. Nitamwambiaje mtoto wa watu kwamba heshima yake inanichosha? Maneno hayo mkwe haambiwi. Bora niende zangu, tubaki tunapendana."

Nyuma ya ukuta, Taratibu alikuwa analia. Miwani ile haikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayelia. Ilipata ukungu, na karakana yote ikaonekana kama imetumbukizwa kwenye maji. Alilia kwa aibu, na alilia pia kwa nafuu. Kumbe hakoromi. Kumbe hakukosea neno. Alikuwa amemfukuza mama kwa wema, akidhani anamtandikia mkeka.

Kengele ya mapumziko ikalia. Daktari akaingia chumbani kwa Taratibu kabla hata mlango haujafunguka vizuri.

"Taratibu, leo una nini? Roboti yako ina heshima kupita kiasi! Umemnyang'anya kazi yote. Mimi nataka kuona wawili wanafanya kazi, wewe umenionyesha mmoja anahangaika na mwenzake anatazama."

Taratibu alivua miwani. Daktari akayaona macho.

"Ni mama mkwe wangu," Taratibu alisema.

Daktari akatafuta pa kukaa, akakalia boksi la nyaya. "Huyu? Kwa hiyo wewe ndiye..." Akauma mdomo. "Wewe ndiye uliyepokea leso?"

Alijitahidi asicheke, nguvu zikamwishia, akacheka mpaka akajishika mbavu. Taratibu naye akacheka katikati ya machozi yake. Kisha Daktari akawa Daktari tena.

"Ulitakiwa kubonyeza kitufe alipoingia tu. Umekosea, na unajua umekosea. Zoezi lake siwezi tena kulitumia."

"Najua. Lakini naomba awamu ya pili, Daktari. Si kwa ajili ya utafiti. Tangu aje kwetu hii ndiyo mara ya kwanza nimemwona anashika kazi, na nimempokonya."

Daktari alifuta ukungu kwenye miwani, akamrudishia. "Haya. Ila ukweli ataambiwa leo leo, na utamwambia wewe kwa mdomo wako. Mimi sibebi mzigo huo."

"Nitamwambia. Na naomba unizimie sauti. Nimeshasikia yasiyonihusu, yanatosha."

"Nitakuzimia." Alisimama, na mlangoni akageuka. "Na hiyo mikono yako, Taratibu. Ikitaka kupokea, ikalie."

Awamu ya pili ilikuwa kimya kabisa. Sabuni zikaja, mikono ya mama ikaanza kazi, na roboti ikasubiri. Hakuna kazi ngumu kama ile ya kusubiri. Katoni lilipojaa na mama kulikumbatia, mikono ya Taratibu ilimwasha. Aliibana kwenye mbavu zake mpaka roboti ikatetemeka kama ina homa. Mama akalipeleka mwenyewe. Akalipandisha mwenyewe. Akarudi na mwendo ambao Taratibu hakuufahamu, mwendo wa mtu aliyechelewa na anapenda kuchelewa kwake.

Kisha akaionyesha roboti kidole: wewe, hapa, shika.

Taratibu akashika vifuniko vya katoni. Alishika vibaya, maana foklifti haikumfundisha sabuni. Mama akaupiga kofi mkono wa chuma, akausogeza panapotakiwa. Taratibu hakuhisi chochote kwenye ngozi, lakini alihisi penginepo. Tangu bibi afariki, hakuna aliyempiga kofi la namna hiyo, la kumwambia mtu kwamba anaweza kufanya vizuri zaidi.

Wakashika kasi. Mama anapanga, yeye anabana, mama anafunga, yeye anasukuma. Katoni jingine analipeleka mama, jingine analipeleka yeye, hakuna anayemsubiri mwenzake wala anayemkimbilia. Mara moja alizidiwa, sabuni zikamwagika chini kama njugu. Mama akashika kiuno, kile kichwa kisicho na sura kikaegemea nyuma, na ingawa hakukuwa na sauti, Taratibu alijua kwamba mama mkwe anacheka, tena kwa kinywa wazi. Mkanda uliposimama, mama alizunguka meza akaipigapiga roboti begani, kama mtu anavyompongeza mwenzake wakati wa kutoka zamu.

Taratibu alivua glavu. Alama ya miwani ilikuwa imemchora paji lote la uso. Akapiga moyo konde, akaingia chumba cha pili.

"Mama," Daktari alikuwa anasema, "roboti hiyo haikujiendesha yenyewe. Ilikuwa inaendeshwa na mtu. Huyu hapa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ba..." Mazoea yalianza kuitikia, macho yakawahi. Mama alimtazama mkwe wake, akautazama ukuta, akamtazama tena. "Huyu ndiye Mabati?"

"Ndiye mimi, mama."

Mama akavuta mtandio, akajifunika mdomo.

"Ulisikia."

"Awamu ya kwanza nilisikia yote. Ya pili niliomba nizimiwe sauti."

"Yote niliyasema kwenye hiyo ya kwanza," mama alijibu.

Daktari alimweleza haki yake, na mama akataka yafutwe yote. Daktari akayafuta pale pale, mama akiwa ameinamia kompyuta kuhakikisha.

"Kwenye mashine yamefutika," mama alisema akichukua mkoba wake. "Kichwani mwake je?"

Hilo Daktari hakuwa na kitufe chake.

Waliondoka pamoja, maana nyumba ni moja na njia ni moja. Mama mbele, Taratibu nyuma yake hatua chache, jinsi alivyozoea. Walipita kwenye duka la magodoro, wakapita kwa kinyozi ambaye alikuwa anajinyoa mwenyewe kwa kukosa mteja. Mama hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yameinuka kama ya mtu anayesikia baridi, na jua lilikuwa linawaka.

"Mama," Taratibu alianza, "nimekukosea mara mbili. Nyumbani nilikukosea bila kujua. Leo nimekukosea najua. Naomba unisamehe."

Mama aliendelea kutembea.

Hapo Taratibu angeweza kunyamaza. Radhi ameshaomba, na mtu mwenye adabu akishaomba radhi anainamisha kichwa na kusubiri. Lakini aliona kwamba akisubiri, mama atafika nyumbani, atafunga mzigo wake kwa upole, na Jumamosi wataagana vizuri sana. Kuagana vizuri hakukutaka. Akalazimisha ulimi wake kusema kitu ambacho tangu azaliwe hakuwahi kumwambia mkubwa.

"Mama, mimi nina shida. Nataka unifanyie kazi."

Mama akasimama. Akageuka mzima mzima.

"Kazi gani?"

"Nguo." Jasho lilimtoka mtoto wa watu. Kama bibi yake angemsikia anamtuma mama mkwe kuanua nguo, angefufuka amtandike. "Tunazianika asubuhi tunaondoka, mvua ikija inazikuta. Na zile mboga nyuma ya nyumba nimepanda mimi, hazitaki kuota. Mwanao anarudi kachoka, nasema nitapika mimi, wali unakuwa uji. Nyumba inatushinda, mama. Tulikuwa tunajikaza kisabuni mbele yako, tukiona haya. Usiende Jumamosi. Hatuwezi peke yetu."

Alisema yote kwa pumzi moja, kisha akasimama pale njiani, mikono imemning'inia, hajui aiweke wapi. Mtu wa baiskeli alipiga kengele akawazunguka. Mama mkwe alimkagua mkwe wake kuanzia ile alama ya miwani kwenye paji la uso mpaka kwenye viatu, polepole, kama anayetafuta penye kasoro kwenye bidhaa.

"Zile mboga," alisema mwishowe, "umezipanda kivulini."

"Ndiyo, mama."

"Mboga gani inaota kivulini?"

"Sijui, mama."

"Hujui! Nimeziona tangu wiki niliyofika. Kila asubuhi nazitazama zinavyojifia, nasema, niseme? Nisiseme? Nyumba si yangu, nikanyamaza." Akaanza kutembea tena, na safari hii Taratibu alijikuta yuko ubavuni kwake, kwa sababu ndiko maneno yalikoelekezwa. "Na hizo nguo! Mnaanika upande wa nje juani, zimepauka zote, hilo shati lako lilikuwa bluu au ni macho yangu? Na sabuni! Mimi nimekula chumvi ya kiwanda kile, halafu ndani ya nyumba ya mwanangu naona kipande cha sabuni kinalala kwenye maji mpaka kinakuwa ugali. Roho inaniuma, naangalia pembeni. Na lile pazia la sebuleni nani amelishona? Fundi? Mwambie arudi shule."

Ilikuwa miezi mizima ya maneno, yamepangwa vizuri, hakuna hata moja lililoharibika kwa kukaa. Yalipita shuleni, yakapita kwa muuza mkaa, yakavuka barabara. Taratibu alisema "ndiyo, mama" na "kweli, mama," na pale alipobanwa sana akasema, "hilo la pazia ni la mwanao." Alikuwa na furaha. Sina namna nyingine ya kulisema: mtu mzima anagombezwa hadharani, watu wanageuka kumtazama, naye ana furaha.

Mkewe alikuwa amewahi kurudi siku hiyo. Alisikia sauti ya mama yake kutoka kwenye ngazi, na hakuitambua mara moja, maana sauti hiyo hakuisikia tangu aolewe. Ilikuwa imefika kwenye wali.

"...unatia mchele maji hayajachemka, unakoroga, unakoroga, unakoroga! Mchele umekukosea nini?"

Mlango ukafunguka. Mama mkwe akaingia, akavua viatu, akaufunga mtandio wake wa kutokea kiunoni kama si wa kutokea tena, akaenda moja kwa moja jikoni. Ikasikika sufuria inashuka, bomba linafunguliwa. Mkewe akamkimbilia mama yake, mikono mbele, tayari kumpokea sufuria, lakini Taratibu akamshika mkono.

"Mwache."

Mkewe alimtazama mumewe, akaiona alama ya miwani na macho yaliyovimba, akaona na lile tabasamu ambalo halikulingana na mambo hayo mengine. Akaweka mikono kichwani.

"Jamani mama! Njia nzima unamgombeza mkweo, majirani wanasikia! Amefanya nini?"

"Mengi," mama alijibu kutoka jikoni, akipaza sauti juu ya maji. "Na wewe zamu yako inakuja. Kwani humu ndani nani mgeni?"